Wegesa Amesoma Karatasi ya Mama Yake

Dada Gati, shikamoo.

Nina furaha mpaka nimeacha jembe la watu shambani nikuandikie.

Mwanangu Wegesa anasomea unesi. Mwalimu wao Honoratha anawafundisha kwanza maneno ya madaktari, ndipo wasome kitabu. Juzi alisoma ile karatasi ya hospitali ya marehemu mama yake, iliyotushinda wote. Akaruka: "Baba, eklampsia! Ni kifafa cha mimba, presha ilipanda. Siyo sumu!"

Dada, uji uliompa mke wangu haukuwa na kitu. Mimi nilikufukuza bure mbele ya watu. Jumapili nakuja huko Kemambo kukurudisha nyumbani.

Ukitaka kunitukana, nitukane. Lakini ufungue mlango.

Mdogo wako,
Kerario, Nyansurura