Sumaku kwenye Bamba la Korona

Fundi Mhina,

Mwalimu wangu, ambaye sasa natakiwa kukuita Baba. Nimemwoa Mwanahamisi. Hii ni wiki ya tatu, na bado nikiamka nikaiona kanga yake imetundikwa mlangoni najiuliza kama kweli nyumba hii ni yangu. Anaimba akipepeta mchele. Anatia iliki kwenye chai hata siku ya kazi. Nina furaha mpaka naona haya kukuandikia wewe uliyelala Handeni, lakini nimwambie nani mwingine? Na nina habari ya pili, tamu kama hiyo. Bwana Rajabu tumemmaliza.

Mwanao ndiye aliyeweka sharti. Nilipopeleka posa alinijibu mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni: "Siolewi na mtu anayemwamkia yule." Yule msimamizi wa karakana, aliyekutia aibu mpaka ukafa nayo. Na mimi nilikuwa namwamkia kila asubuhi, Baba. Shikamoo mzee, kichwa chini, kwa kuogopa kupoteza kazi. Nisamehe.

Unakumbuka mashine ya kuchomelea ilivyofika kwa treni kutoka Tanga, na mtungi wake wa gesi mrefu kuliko mimi. Nilikuwa nimetoka sekondari na Kiingereza changu, basi nikawa nakusomea kitabu chake, wewe ukifanya kwa mikono. Tangsteni, ile sindano inayotoa moto, yenye rangi nyekundu ni ya chuma, inolewe iwe kali. Ya kijani ni ya alumini, ncha iachwe iwe duara. Ulisikiliza umefumba macho, ukajaribu, ukaniambia nisome tena. Siku ya kwanza niliposhika mimi, ncha ikagusa chuma kilichoyeyuka, ikaharibika. "Hilo si andazi, kijana. Usilichovye." Karakana nzima ikacheka, nami nikainoa upya mara tisa siku ile.

Na vijiti vya kujazia mshono. Kila kimoja kimegongwa alama ya aina ya chuma chake upande mmoja, nawe ulinikataza kuanzia upande huo. "Ukichoma jina lake, kesho utamwitaje?"

Siku hizo hizo Mwanahamisi alileta sufuria la mama yake lililotoboka, ukaniambia nilizibe mimi. Nilitazama mlangoni aliposimama kuliko nilivyotazama moto. Tunalipikia mpaka leo. Halivuji.

Kisha ukaenda Handeni kumzika dada yako. Nyuma yako bamba la korona, ile mashine kubwa ya shamba letu la mkonge, likapasuka, lile la chuma kisichoshika kutu, linalofunika visu vinavyochuna mkonge. Bwana Rajabu hakutaka kukungoja. Alinituma stesheni ya Mnyuzi kufuata vipuri, niliporudi bamba limeshafungwa. Ulirudi, na siku ya pili likaachia, likaruka, likamvunja mkono mlishaji wa mashine, yule anayeingiza majani. Rajabu akamwambia Bwana Meneja, "Hiyo ni kazi ya Mhina, aliichomelea kabla hajaondoka." Nilisema kwamba nilipokwenda Mnyuzi nililiacha limepasuka, nawe umeshaondoka. Nani angesikiliza mwanafunzi wako? Ukatolewa kwenye nyumba ya kambi siku hiyo hiyo. Yule mlishaji, uliyekula naye sahani moja, hakuitikia salamu yako. Hukumaliza mwaka.

Bamba lilitupwa nyuma ya karakana. Masika yalipopita nililiona. Bamba lote linang'aa, ila mshono umekuwa mwekundu kama udongo wa Vugiri. Nilikaa chini, Baba. Mshono wako haushiki kutu, kwa sababu wewe kijiti chako ni cha chuma kile kile. Nikachukua sumaku ya redio mbovu. Kwenye bamba ikateleza ikaanguka. Kwenye mshono ikang'ang'ania. Alikuwa ametia kijiti cha chuma cha kawaida.

Sikumwambia mtu ila Mwanahamisi. Tulingoja miezi miwili mpaka bamba jingine likapasuka. Bwana Meneja alipokuja kutazama, nikaweka vijiti viwili mezani, kimoja cha chuma cha kawaida na kimoja cha kisichoshika kutu, vimekatwa ncha zenye alama, nikasema kwa adabu zote, "Mzee, tuchagulie wewe, na utuoneshe mkono wako. Sisi bado tunajifunza." Akacheka. "Chuma ni chuma, kijana." Akachukua kile cha karibu. Akachomelea mbele ya watu wote, manundu manundu, kama alivyofanya lile la kwanza. Nikaleta bamba la zamani nikaliweka kando. Mkono ule ule. Nikaweka sumaku kwenye mshono wake mpya, ikashika. Kwenye wa zamani, ikashika. Kisha nikaipeleka kwenye mshono wa pipa la chuma kisichoshika kutu ulilolishona wewe, ikaanguka sakafuni, na kila mtu akasikia ilivyolia.

Mlishaji ndiye aliyesema wa kwanza, mkono wake ule uliopinda ukiwa kifuani: "Mzee Rajabu, sumaku inakujua."

Rajabu akaitazama sumaku. Sijawahi kuona kitu kizuri kama uso ule, isipokuwa uso wa mwanao siku ya harusi. Bwana Meneja ameandika barua kwamba kosa halikuwa lako, na Mwanahamisi ameifunga ndani ya leso yako. Rajabu sasa anasimamia kuanika singa za mkonge uwanjani. Bamba lake nimelitundika kwenye mlango wa karakana, sumaku ikiwa juu yake, na njia ya uwanjani inapita hapo.

Kila asubuhi anapunguza mwendo, anangoja shikamoo yangu. Simpi. Wazee wawili wamenijia kusema imetosha, mtu mzima haachwi hivyo mbele ya vijana. Nimewajibu kwamba wewe pia ulikuwa mtu mzima.

Pumzika, Baba. Binti yako anakula vizuri, anacheka, na sitamtoa machozi. Na nakuahidi hili: siku Rajabu atakapopanda lori hadi Handeni, asimame kwenye kaburi lako na kusema kwa kinywa chake, "Nilichomelea mimi," nitaishusha sumaku na nitamwamkia. Kabla ya hapo, apite tu.

Mkweo na mwanafunzi wako,
Athumani