Uanze na Muguu Muzima

Masika wangu, mutoto wangu wa kwanza,

Muguu wangu umevimba tena. Najua utakasirika. Uliniambia nikae, niuweke juu ya kiti, nisishuke soko mpaka urudi. Lakini nitakaa namna gani, wewe uko Kasugho, simu yako haipite, na kila asubuhi batu banatoka kule na magodoro ku kichwa?

Unakumbuka siku uliponipima kule Beni? Radio, ile picha ya mifupa ya hospitali, ilikuwa imesema mifupa iko mizima, na mimi nalia na kisigino. Ukasema, "Mama, radio inaona mifupa. Mushipa tunautafuta na ekografi." Nikashangaa: ekografi si ya bamama ba mimba? Ukapaka ile jeli ya baridi, lakini ku muguu usiouma! Nikapiga kelele, "Hapana ule, weye! Ulisoma miaka yote hii usijue muguu wa mama yako?" Ukacheka mpaka muuguzi akachungulia. "Tunaanza na muzima, mama. Bila kuujua muzima, ule mugonjwa utatudanganya."

Ukanionyesha ku ekra, kile kioo cha mashini. Nyuzi za muguu muzima zimelala sawa, kama nywele zilizochanwa. Za ule mwingine zimepasuka upande mumoja, na weusi katikati. "Haujakatika wote," ukasema. "Ukitulia, utapona."

Nikarudi hapa Bulengera, nikaeleza kila mutu mu soko. Mama Kahindo, anayeuza sombe, majani ya muhogo, pembeni yangu, alishika neno ekografi peke yake, akapaaza sauti: "Mama Masika! Na mvi zote hizo, unatuzalia nani tena?" Nikamujibu, "Niliisha kuzaa daktari, inatosha. Zaa wako kwanza!" Ndiyo, nilijisifu. Nani mwingine mu soko hili ana mutoto anayeona ndani ya kisigino?

Kisha ukapita hapa na mashini ndogo ya ekografi mu mufuko, ukienda kusaidia kituo cha afya cha Kasugho. Masasi ya bunduki yakaanza kule, na sauti yako ikapotea.

Basi ninashuka kila asubuhi pale pikipiki zinaposimama. Sitazami nyuso za banaokimbia, natazama miguu. Yote imevimba. Jana akafika mama mumoja, kifundo kimefungwa bandeji vizuri. Nikamuuliza nani alimufunga.

"Daktari mumoja, binti. Batu banakimbia, yeye anapaka jeli ku muguu wangu muzima! Nikamwambia, hapana ule! Akanijibu…"

"Tunaanza na muzima," nikamalizia mimi.

"Unamujua?"

"Nilimuzaa."

Akanishika mukono. "Alinifunga, akaniambia nipande pikipiki. Yeye alibaki. Bagonjwa balikuwa bangali banangoja."

Masika, Mama Kahindo alikuwa hapo, na safari hii sikujisifu. Nilimuomba Mungu anipe mutoto mwenye roho ya kusaidia, akanipa bila kupima. Leo ninatamani ungekuwa daktari mubaya kidogo, anayekimbia mbele ya bagonjwa bake. Mungu anisamehe. Weye pia.

Kuja, mutoto wangu. Kuja unitukane. Paka jeli yako, uanze na ule muzima kama kawaida. Ule mugonjwa, nitakueleza mwenyewe kwa nini haukutulia.

Ni mimi, mama yako, ninayeitwa kwa jina lako soko nzima na nisiyetaka lingine,

Mama Masika