Krúna Akisimama Mlangoni

Jumatatu, 10 Januari 1938

Baridi kali, anga safi. Nimeamka nikiwa bado ndani ya ndoto – nilikuwa nafua sufu mtoni, majira ya joto, maji vuguvugu mpaka magotini – kisha nikamsikia Baba akikohoa kitanda cha pili na mdogo wangu Ketill akitafuta kiatu chake gizani, nikajua ni Januari.

Ketill amepima nyasi kavu ghalani kwa hatua zake. Anasema hazitafika Mei, labda kondoo watoke kila siku wakajitafutie kule nyikani, ambako upepo umepunguza theluji. Kondoo hamsini na watatu! Kufungua mlango wa banda, Krúna, kondoo wetu kiongozi, akawa mbele kama kawaida yake – mweusi tii, doa jeupe utosini – na wenzake nyuma. Akafika kizingitini, akasimama. Hakuna aliyempita.

Kwetu hapa Krúna akisimama mlangoni, hatoki mtu. Ni amri ya Baba. Mama yake Krúna na bibi yake walikuwa viongozi wa kundi, na walinusa dhoruba nusu siku kabla haijafika. Ketill akawarudisha ndani wote, akawatupia nyasi. Baba alipoambiwa alifurahi, akasema kijana ameanza kupata akili.

Tumeingoja hiyo dhoruba mpaka jioni. Haikuja.

Jumatano, 12 Januari

Jana Krúna alisimama tena. Leo pia. Anga kama kioo.

Nimevunja barafu kijitoni kwa shoka, nimebeba ndoo kumi na nne. Maji yakimwagika yanaganda kabla sijageuka. Ndani ya banda kuna joto la pumzi zao, nikaegemea ukuta kidogo tu – nikasinzia! Niliota jua. Hatujaliona tangu Novemba, limejificha nyuma ya mlima, tunaishi kwa mwanga wake wa mbali, wa buluu asubuhi, wa waridi mchana, basi. Kondoo mmoja alikuwa anatafuna ncha ya skafu yangu.

Ketill anasema Krúna amezeeka, amekuwa mvivu. Baba hataki kusikia.

Alhamisi, 13 Januari

Nimejua. Natamani nisingejua.

Nilihamisha ndoo ya maji kutoka pembe moja ya banda hadi nyingine. Krúna akaja moja kwa moja pale ilipokuwa, akainamisha kichwa anywe hewa. Nikamshika taya, nikamgeuza kwenye taa. Macho yote mawili yana utando, rangi ya maziwa yaliyoenguliwa. Hakupepesa.

Ndani anapajua kwa miguu. Ila mlangoni – pale ardhi inapoisha na kuanza kitu asichokiona – pale anasimama. Hanusi dhoruba yoyote. Ni kipofu, maskini!

Sijamwambia mtu. Kondoo kipofu hapewi nyasi mwaka zilipopungua. Nilimlea kwa chupa mwenyewe, mwaka ule aliokufa Mama. Siwezi.

Ijumaa, 14 Januari

Asubuhi niliingia bandani kabla ya Ketill. Mlango ulipofunguliwa nikamshika Krúna pembe, kama namchezea, nikatoka naye. Alitetemeka hatua mbili, halafu akanifuata. Kundi lote likafuata. Mpaka nyikani nimemshika pembe, na huko akala vizuri tu, kwa pua.

Ketill ameshangaa. Anasema mimi na huyo mnyama tumekuwa wachumba.

Jumapili, 16 Januari

Theluji laini, bila upepo. Inashuka polepole mno, unaweza kuchagua moja ukaifuata kwa macho mpaka chini. Pembe ya Krúna mkononi mwangu, yeye haoni, mimi naota. Sijui nani alikuwa anatembea.

Ijumaa, 21 Januari

Leo umeingia mwezi wa Thorri, mwezi mgumu kuliko yote, na mwenye shamba anatakiwa aupokee kwa heshima. Baba hawezi tena kusimama. Basi Ketill kavua viatu, akavaa suruali mguu mmoja, mguu wa pili ukiburuta nyuma, akaizunguka nyumba yote kwenye theluji akiruka kwa mguu mmoja! Zamani walifanya wazee, siku hizi watu wanaona aibu. Nikamwinua Baba dirishani aone. Alicheka mpaka akakohoa, nikaogopa. Ketill aliingia na nyayo nyekundu, akasema huyo Thorri akija vibaya sasa hana utu.

Nampenda sana mdogo wangu. Simwambii, lakini hapa naandika.

Koo linaniuma.

Jumanne, 25 Januari

Siku nne nimelala na homa. Siku nne! Na hakuna wa kumshika Krúna pembe. Amesimama mlangoni siku zote nne, kundi limekaa ndani, limekula ghala. Na nje shwari kabisa, hata moshi ulipanda wima.

Leo jioni, tukila samaki mkavu na siagi, Ketill aliweka kisu chini. Alisema taratibu kabisa kwamba kwa nyasi zilizobaki itabidi achinje kondoo kumi, tena majike wachanga wenye mimba. Kesho. Baba akasema hachinji mtu hapa kwa sababu ya siku chache nzuri, Krúna anajua asichokijua yeye. Ketill akauliza shamba hili ni la nani, letu au la kondoo. Baba akaanza kulia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya Mama.

Nikasema.

“Si dhoruba, Ketill. Ni macho. Krúna haoni.”

Kisha Ketill: “Tangu lini unajua?”

“Karibu wiki mbili.”

Nilidhani atafoka. Alicheka tu, akafunika uso kwa viganja. “Dada. Nyumba nzima tumekuwa tunamtii kipofu.”

Baba aligeukia ukutani. Tumekubaliana: wale kumi hawachinjwi. Kuanzia kesho kundi linatoka bila Krúna. Yeye mwenyewe atachinjwa Jumamosi. Ketill alinipa kikombe changu cha kahawa kwa mikono miwili, kama mgonjwa. Nilikunywa huku machozi yananitoka. Nimeokoa kumi kwa mmoja, na huyo mmoja ni wangu.

Jumatano, 26 Januari

Kundi limetoka. Jike mweupe ameongoza, kwa mashaka. Krúna alibaki ndani, hakuna aliyemwambia atoke. Alisikiliza miguu ya wenzake ikififia. Nimekaa naye nikifuma soksi. Anapumulia magoti yangu.

Baba hasemi nami.

Ijumaa, 28 Januari

Saa saba na dakika ishirini mchana. Naandika saa na njia, watu wakihitaji kujua baadaye, wazikute hapa.

Leo ndiyo siku jua linaporudi. Likigusa dirisha letu tunakunywa kahawa na chapati za maji, kila mwaka. Nilikuwa nimeshakoroga unga alfajiri. Nje pazuri ajabu, hakuna hata unyoya wa upepo, mlima umechongwa kwa kisu. Nimekwenda bandani kumsaidia Ketill kufungua.

Krúna alikuwa amelala kizingitini. Amejilaza, amekingama, kichwa kimegusa mwimo mmoja na mkia mwingine. Siku zote alikuwa anasimama. Na leo hakuna aliyemwita aende popote! Wale wengine wamejibana nyuma, hawamruki.

Ketill akacheka. Nikamwambia amwache leo, wakae ndani leo tu. Alinitazama kwa huruma, akasema anajua kesho ni Jumamosi, anajua inaniuma.

“Siyo hiyo,” nikasema. “Mtazame.”

“Dada, wewe mwenyewe ndiye uliyesema ni macho.”

Akamwinua Krúna kwa mikono miwili, akamweka pembeni kama gunia, akawatoa wote hamsini na wawili. Kabla hajaondoka akageuka kuniagiza nisile chapati zote. Amevaa koti jepesi. Njia ya nyikani, kupita mawe matatu, kisha kushoto.

Saa tano na nusu jua liligusa dirisha. Baba aliweka kiganja chake ndani ya ule mwanga, nami changu. Dakika nne, labda tano. Halafu likazimika, na haikuwa mlima. Nilitoka nje nikaona kaskazini hakupo. Palikuwa na ukuta mweupe tu, unakuja bila sauti.

Sasa una sauti. Banda lenyewe silioni kutoka mlangoni. Nimepiga debe, nimeita mpaka koo limefunga tena. Ketill hana mbwa, tangu wetu afe vuli. Saa tisa itakuwa giza.

Nisingesema neno Jumanne, Ketill angekuwa hapa, anakula chapati. Hilo ndilo ninalolijua. Kumi wale wangekufa, na yeye angekuwa hapa.

Nilimwambia Baba nakwenda. Nilidhani atanizuia. Akaniuliza Krúna yuko wapi. Akanikumbusha mwaka ule, kabla sijazaliwa, alipopotea siku mbili na bibi yake Krúna ndiye aliyemleta mpaka kizingitini. Nimeisikia mara mia. Ila leo kaongeza kitu ambacho hajawahi kukisema.

“Mimi pia sikuwa naona, Herdís. Huko hakuna anayeona. Yeye amekwisha kuzoea.”

Nimemsogeza Baba dirishani, nimemwekea taa mbili na mafuta ya kutosha. Nimefunga kamba kiunoni. Chapati nimezifunga kitambaani, nimeziweka kifuani zisigande, za Ketill.

Krúna nimemleta mpaka hapa ukumbini. Ana theluji utosini, juu ya lile doa. Nilipofungua mlango wa nje nilitazamia atasimama. Ametoa kichwa. Pua imeelekea nyikani, kule walikokwenda wenzake, masikio mbele, na anavuta kamba niliyomfunga shingoni.

Nimeingia tena kuandika haya na kuchukua glavu. Baba ananiita kutoka dirishani. Anasema nisimshike pembe, nisimwongoze hata hatua moja.

Mkono mgongoni, anasema. Mgongoni tu, na umfuate.