Ini Kabla ya Ngozi

Alhamisi. Hapa Nyasubi kumekucha na mawingu mazito, lakini tone halijadondoka. Nimerudi kutoka machinjioni, nimeoga, nimeswali adhuhuri, sasa ndiyo naandika.

Ile picha ya ini imekuja.

Mimi ni mchinjaji. Neema ni binti wa chuo anayetaka kujua maji ya mabwawa ya kuchenjulia dhahabu yanawafanya nini ng'ombe wanaoyanywa. Anachukua kipande cha ini kama punje ya mchele, anakitumbukiza kwenye dawa, kinapelekwa mbali kwenye hadubini ya elektroni, inayoonyesha mpaka vilivyomo ndani ya seli moja. Sharti lake ni haraka. Ng'ombe akishakufa, seli zinaanza kujiharibu zenyewe, na hapo hujui ubaya umeletwa na maji au na kuchelewa.

Na mimi sharti langu ni kusubiri. Nikishataja jina la Mungu nikachinja, simgusi mnyama kwa kisu tena mpaka roho itoke yote. Hata kwa ajili ya elimu.

Mara ya kwanza picha zilitoka zimeharibika. Mwalimu wake akamwambia zikiharibika tena, atafute utafiti mwingine. Niliumia kwa ajili ya mtoto wa watu.

Neema aliporudi machinjioni aliniamkia, kisha akauliza taratibu, "Baba Zuhura, kinachotuchelewesha ni roho au ngozi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Roho haikawii hivyo. Kuchuna ndiko kunakokula muda, na sisi hapa hatupasui kabla ya kuchuna. Basi ng'ombe alipotulia kabisa, nikapasua ubavu, ngozi ikiwa bado juu. Masanja, mwenye ng'ombe, akashika kiuno. "Wewe unachinja au unafanya operesheni? Ngozi yenye dirisha nitamuuzia nani?" Lakini alicheka, akamshikia Neema chupa ya dawa.

Leo Neema amenionyesha picha kwenye simu. Nyeusi na nyeupe. Kuna vitu kama maharage, ndani vina mikunjo. Anasema humo ndimo mwili unamopata nguvu. Mikunjo yote mizima, hakuna kilichopasuka. Huyo alikuwa ng'ombe wa Kishapu, asiyejua maji ya mabwawa ya dhahabu. Sasa ana wa kumlinganisha na wengine.

Nimejiuliza, ingeharibika tena ningefanyaje?

Ningesubiri roho itoke vilevile, na yule binti angelia mbele yangu.

Alhamdulillah, sikufikishwa hapo. Kesho analetwa wa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Kisu nimeshakinoa.