Chupa Niliyoibandua Karatasi

Jumanne, Ruhuwiko

Kosa ni langu, si la shangazi.

Tangu vidonge vya maumivu vya tramado vishindwe na saratani ya mama, tunampa mofini ya maji. Nesi alinionya kwamba hii ina nguvu zaidi, ipimwe kwa bomba la sindano, ikizidi mtu analala na pumzi inakata. Nikaitikia. Nilipofika nyumbani nikabandua karatasi kwenye chupa, maana hapa mtaani wakisikia mofini wanaanza kuulizia mazishi. Wote wanaokuja kumwona mgonjwa nimewaambia ni dawa ya kikohozi.

Leo nilienda sokoni nikamwacha na shangazi. Mama akakohoa. Shangazi akamnywesha vijiko viwili vya chakula.

Nilimkuta midomo imepauka, anavuta pumzi moja, unasubiri mpaka unakata tamaa, ndipo inakuja nyingine. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji. Wakamchoma sindano, akazinduka.

Shangazi bado anajilaumu. "Mwanangu, labda nilichelewa kumpa, kikohozi kikamzidi." Sikuwa na uso wa kumwambia ukweli.

Jioni wodini mama alinishika mkono. Nilidhani anataka maji.

"Leo nimelala bila maumivu," akasema. "Nikirudi nyumbani, dawa awe ananipa shangazi yako."

Usiku huu nimerudi nyumbani nikaandika MOFINI kwenye chupa kwa kalamu nzito, kila mgeni aione. Halafu nimeifungia kabatini, mama asije akaifikia.