Uzi wa Mama Kezia

Jumatatu, 3 Juni 1957
Maji safari mbili kabla ya shule. Ukungu toka mtoni mpaka darasani. Nimesinzia kwenye hesabu, Kezia akanikanyaga mguu chini ya dawati kabla mwalimu hajageuka. Jioni nimesokota uzi wa mkonge na Mama mpaka paja likawaka moto. Mwalimu anataka tuandike Kiswahili kila siku tusije tukaaibika kwenye mtihani. Hakusema atasoma. Afadhali.

Alhamisi, 6 Juni
Siku ya kikundi cha akina mama wasukaji. Baada ya shule nimemfuata Mama kanisani nimsaidie kubeba mkonge. Akina mama hukaa chini, miguu wameinyoosha, kwa sababu uzi husokotwa juu ya paja na benchi halifai. Wanakikundi hawaendi kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, kazi ya lazima, siku ya Alhamisi. Ndiyo sababu wengi walijiunga, hata Mama. Sasa nadhani angekuja hata bila hiyo. Tangu Baba achukuliwe kupelekwa kizuizini, mwaka wa tatu huu, nyumbani Mama ana maneno matatu. Lete. Weka. Lala. Leo Cucu Wambui, bibi wa kikundi chote, amesema handaki ni refu mno, ujana wake ulitumbukia humo na hakuna aliyejisumbua kuuokota. Mama alicheka mpaka akafuta macho. Nilisimama nje ya mlango. Niliogopa nikiingia ataacha.

Aliacha hata hivyo. Aliingia mwanachama mpya, Mama Kezia, mamake Kezia wa dawati langu. Mumewe ni askari wa kijiji. Ndiye aliyewaonyesha wanajeshi nyumba yetu usiku ule. Alikaa karibu na mlango. Wawili walisogea mbali naye. Mama hakumtazama hata mara moja.

Mama hajui kwamba nakaa dawati moja na Kezia. Sijamwambia.

Jumamosi, 8 Juni
Vitatayarishwa vyondo, vikapu vyetu vya mkonge, vya maonyesho ya kazi za mikono kule Thika. Mama Rahabu, mke wa mwinjilisti, ndiye kiongozi wa kikundi. Aliambiwa kwenye mkutano kwamba kazi ikigawanywa kama kiwandani inakwenda mbio. Basi wengine watakwaruza mkonge, wengine watasokota, wengine watatia rangi, na wenye mikono mizuri watasuka. Nyuzi zote zitachanganywa.

Cucu Wambui alinung'unika. Alisema tangu azaliwe, mwanamke anasuka uzi uliotoka kwenye paja lake mwenyewe. Huazimi uzi wa mwenzako kama vile huazimi meno yake. Wakamcheka. Mama Rahabu alimwambia hayo ni ya zamani.

Mama amechaguliwa kusuka kiondo kikubwa. Amefurahi. Najua kwa sababu ameniuliza kama nimeshiba.

Alhamisi, 13 Juni
Mvua nyembamba siku nzima. Sweta halikauki.

Mama Kezia anasokota haraka kuliko wote. Uzi wake ni laini, hauna vinundu. Mama Rahabu aliuinua wote wauone na akausifu. Hakuna aliyeitikia. Mama Kezia aliendelea tu kusokota, kichwa chini. Nilimwonea huruma, halafu nikajichukia kwa kumwonea huruma.

Darasani mimi na Kezia tunatumia kitabu kimoja cha jiografia. Yeye husoma upesi na hunisubiri chini ya ukurasa. Hatuzungumzi sana. Sina rafiki mwingine.

Jumatano, 19 Juni
Kiondo kimeharibika.

Kitako kilikuwa kizuri. Ukanda mweusi mzuri. Mama alipofika ukanda wa rangi ya udongo, uzi ukaanza kulegea mikononi mwake. Kila akiuzungusha, unafumuka na kuwa kama nywele zilizolowa. Akikaza, unazidi. Alifumua, akarudia, akafumua tena. Ukuta wa kiondo umejaa mianya, kidole kinapita. Kisha aliutazama uzi wenyewe. Laini, hauna kinundu. Hakuna asiyejua ni wa nani.

Sikupenda uso wake.

Alhamisi, 20 Juni
Mama amesema mbele ya wote. Aliweka kiondo katikati na kusema, "Mume alibomoa nyumba. Mke amekuja kubomoa kiondo."

Mama Kezia alikunja mkonge wake taratibu. Alisema tu, "Nimesikia, Mama Nyambura." Akatoka. Wake wawili wa askari wengine wakainuka wakamfuata. Mama Rahabu aliomba sala ndefu. Haikumsaidia mtu.

Njiani Mama alitembea mikono mitupu. Nilitaka kuishika. Nilibeba kiondo.

Ijumaa, 21 Juni
Kezia amehama dawati. Amekaa mbele na nimeona kisogo chake siku nzima. Kitabu cha jiografia ameniachia mimi. Heri angekichukua.

Jioni Cucu Wambui alipita. Mkuu wa kijiji amesema kikundi cha magomvi si kikundi. Kama hakitakuwa kimekamilika Alhamisi ijayo, akina mama wote watashika majembe na kurudi handakini, na kanisa litafungwa siku za kazi. Cucu alimwambia Mama, "Mwanangu, mgongo wangu hauwezi tena jembe. Lakini sikulaumu." Alipoondoka, Mama akaniambia lete kuni. Baadaye, weka hapo. Baadaye, lala.

Naogopa maneno hayo matatu kuliko handaki.

Jumapili, 23 Juni
Kanisani wameketi mafungu mawili. Mama hakuimba. Nimefua nguo, nimechota maji, nimechambua maharagwe. Nimejaribu kusoma, mistari imepishana machoni.

Jumatatu, 24 Juni
Wakati wa mapumziko Kezia alikuwa nyuma ya darasa peke yake, anawasokotea watoto wa darasa la kwanza kamba ya kuruka. Mkono wa kushoto, juu ya paja la kushoto. Kezia huandika kwa mkono wa kulia kwa sababu walimu walimchapa ule mwingine mpaka ukaacha. Kusokota hakuna mwalimu aliyemfundisha. Nimekaa naye tangu Januari na sikuwahi kufikiria.

Nilichukua karibu mapumziko yote kumfikia. Nikamwuliza kama mamake naye husokota hivyo.

Hakuinua kichwa. "Hula hivyo, hulima hivyo, husokota hivyo. Nenda kamwambie mama yako, apate jambo lingine la kusema kanisani."

Nilichukua kipande cha uzi kilichokatika, akaniacha nikichukue.

Nyumbani nimekijaribu kabla Mama hajarudi kutoka shambani. Uzi wangu, nikiuzungusha kama anavyozungusha msukaji, unakaza. Wa Kezia unafumuka. Umepindwa kuelekea upande mwingine, basi. Akiusuka mwenye mkono wa kulia, kila mzunguko anaufungua. Akiusuka mwenyewe kwa mkono wake, lazima utakaza. Zamani nani angejua? Kila mtu alisuka wake.

Nilitunga sentensi moja wakati wote wa kula. Sikuisema.

Jumanne, 25 Juni
Nimeisema. Nilikuwa natazama moto. "Mama Kezia anatumia mkono wa kushoto. Uzi wake umepindwa upande mwingine. Hakuuharibu."

Mama aliuliza ni nani kaniambia. Nikasema hakuna, nimemwona Kezia. Nikasema pia nilikuwa nakaa naye dawati moja, tangu Januari. Nilingoja. Hakunipiga.

Alichukua mkonge, akasokota kipande kwenye paja la kulia. Kisha akajaribu la kushoto, vibaya, kama mtoto anayeanza. Akasuka mizunguko michache ya kila kimoja. Akavitazama. Akaviweka chini na kukaa mpaka moto ukafifia.

"Lala," akasema. Lakini yeye hakulala.

Jumatano, 26 Juni
Mama amekwenda kwa akina Kezia. Sikuambiwa nimfuate wala sikuambiwa nirudi, basi nilifuata. Lazima upite kibanda cha askari. Mama alipita akitazama mbele. Babake Kezia alikuwa zamuni humo, basi nyumbani hayupo, nashukuru.

Mama Kezia alikuwa mlangoni anapukuchua mahindi. Hakusema karibu. Mama hakungoja kukaribishwa.

"Uzi nilikosea," Mama akasema. "Mengine sikukosea."

Mama Kezia alimaliza gunzi alilokuwa nalo. Nilidhani yamekwisha. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kama anayesema na mahindi:

"Mengine hukukosea. Usiku ule aliniamsha nimpikie uji kabla hajatoka. Nilijua wanakwenda kwa nani. Nilipika."

Mama alishika mwimo wa mlango. Nilitaka twende. Nilimwona Kezia ndani, gizani, kasimama na mwiko mkononi. Naye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza, nadhani. Hatukutazamana.

Mwishowe Mama akasema, "Uzi wako mimi siwezi kuusuka. Kesho uje uusuke mwenyewe."

Tukaondoka bila kwaheri. Njiani Mama aliketi kando ya ua wa mkonge, miguu ndani ya nyasi zilizolowa. Mtu mmoja alipita akamsalimu, hakuitikia. Nilisimama kando yake. Sikujua kama ametoka kufanya jambo jema au jambo lisilostahili. Bado sijui. Nimechoka kichwa.

Alhamisi, 27 Juni
Kezia bado anakaa mbele. Leo amerudi kuchukua kitabu, akasoma, akakirudisha kabla ya kengele.

Kanisani Mama Rahabu amekubali kila mtu arudishiwe uzi wake. Rangi ni moja na nyuzi zimechanganyika, lakini hawakukosana. Kila mmoja aliupapasa wake akaujua. Cucu Wambui hakusema "niliwaambia." Alikohoa tu, mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Kiondo kikubwa hakitakwenda Thika. Mama amekifumua mpaka kwenye ukanda mweusi. Vitapelekwa vidogo, vile vitakavyokuwa tayari.

Mama Kezia alichelewa. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Wale wake wawili wa askari walikuja nyuma yake. Alikaa kwanza kando ya Cucu Wambui, mkono wa kulia wa Cucu, na viwiko vyao vikagongana mpaka Cucu akasema, "Mwanangu, utanitoa jicho, na nimebakiwa na moja zuri. Hamia kule." Nafasi iliyobaki ilikuwa upande wa kushoto wa Mama. Huko viwiko haviwezi kukutana. Mama alisogeza mkonge wake kidogo, Mama Kezia akaketi.

Mjumbe wa mkuu wa kijiji alichungulia mlangoni, akawatazama wote, akaenda.

Hawakusemeshana. Mama alizungumza na Cucu juu ya mbuzi wa mwinjilisti aliyekula kola ya mwinjilisti. Alizungumza sana. Mama Kezia alisuka akisikiliza, mkono wake ukienda kinyume na mikono yote ya chumba kile, na uzi wake ulikaza vizuri. Sikumwona Mama akiutazama, ila mara moja.

Tulitoka pamoja kwa kuwa njia ni moja. Mama na Mama Kezia mbele, bila neno, mimi na Kezia nyuma, bila neno. Baridi ilikuwa imerudi na moshi ulikuwa umetanda juu ya mapaa. Njia inapogawanyika, Mama Kezia alisimama. Alisema Alhamisi ijayo ataleta magome ya kutia rangi, anajua mti ulipo.

Mama akasema, "Haya."