Ufito Uliokwanguliwa

Kwa Mama yangu mpendwa,

Nakuinamia mara mbili kutoka huku mjini Ying, nikiomba salamu zangu zikufikie kabla ya baridi kufika huko mtoni. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Kaka Meng na mkewe hawajambo? Mimi ni mzima, ila vidole vyangu vimekuwa vyeusi kwa wino hata majivu hayavitakasi. Najua anayekusomea barua hii ni karani wa kivukoni. Bwana karani, tafadhali soma polepole, na usiruke pale nitakapojiaibisha, maana hapo ndipo Mama atakapotaka kusikia.

Mama, Bo mwenye mashua aliniambia kwamba majirani wanadhani nimekuja mjini kuchonga vijiti vya kulia chakula. Hawajakosea sana. Tunapasua mianzi, tunaikausha juu ya moto mpaka itoe jasho, kisha tunaandika juu ya fito zake na kuzifunga pamoja kwa uzi. Mwalimu Tang, aliyemfundisha mwana wa mfalme, ana kitita cha maneno ya Mzee, nami na mwenzangu Heshan ndio tunaonakili. Ukiuliza huyo Mzee alikuwa nani, utazua ugomvi. Wako wanaosema alikuwa mlinzi wa ghala, wako wanaosema aliishi miaka mia mbili, na mpishi wetu anaapa kwamba alikuwa mtu wa kwao kabisa. Aliyemwona hayupo. Ninachojua mimi ni kwamba neno likisemwa ni la Mzee, watu hunyamaza wakasikiliza, na neno lile lile akilisema mpishi, watu humwomba chumvi.

Habari ya huku si njema. Mwalimu anaumwa tangu mamung'unya yalipovunwa, na sasa hamezi kitu ila uji wa mtama. Ameagiza kitita kile kiwekwe ndani ya jeneza lake, karibu na kichwa. Kila alasiri mimi humsomea. Nikifika kwenye ufito mmoja, yeye hufumba macho na kuniomba niurudie. Anasema kwenye fito nyingine anawasikia watu waliomsikia Mzee, lakini kwenye huo anamsikia Mzee mwenyewe. Heshan huinamisha kichwa kwa heshima. Mimi hutazama sakafu.

Sasa nikwambie kwa nini. Majira ya kuchipua nilikosea kuandika kwenye ufito huo, nikachukua kisu kukwangua kosa, kama tufanyavyo siku zote. Nilikwangua hapa, nikakwangua pale, mpaka maneno yote yakatoka. Ufito wa zamani nilionakilia ulikuwa umeliwa na wadudu, nasi tulikuwa tumekwisha kuuchoma. Nilijaribu kuyakumbuka maneno yale siku tatu, wapi. Niliogopa kufukuzwa, Mama, baada ya wewe kuuza bata wote ili mimi nije huku. Basi niliandika maneno yako.

Unakumbuka nilipokuwa na miaka saba, nikizunguka bwawa na fimbo huku nalia? Uliniambia bata akifukuzwa haingii bandani, niketi chini, atakuja mwenyewe kuniuliza nina nini. Ndiyo hayo. Ila niliwaonea haya bata, nikawaondoa, nikaandika kwamba anayefukuza hukosa na anayeketi hufuatwa. Kabla wino haujakauka, maneno yalikwisha kuonekana ya kale.

Juzi nilishindwa. Sikuweza kumwacha mtu aliyenilea kama mwanawe azikwe na uongo wangu kichwani pake. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamweleza yote. Heshan aliangusha brashi. Mwalimu akaniuliza ni nini hasa nilichoondoa. Nikamwambia bata. Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi tumkalishe. Akasema kumbe nimeyaharibu maneno mazuri, nani alinituma kumfukuza bata wa watu?

Alipopata pumzi alituambia kwamba hata yeye, ujanani, alimsikia mwanamke mmoja muuza chumvi akisema jambo sokoni, akaliandika kati ya maneno ya Mzee, kwa sababu nani angenakili maneno ya muuza chumvi. Hakumwuliza jina lake. Alisema miaka hii yote amemfikiria mwanamke yule kuliko alivyomfikiria mwana wa mfalme, na machozi yakamtoka. Kisha akaniamuru niukwangue tena ufito ule, niwarudishe bata, na nyuma yake, tunapoandika namba, niandike jina la aliyeyasema.

Niliwarudisha bata. Nikaugeuza ufito, nikachovya brashi, nikakaa nayo mpaka ikakauka mkononi.

Mama, sijui jina lako.

Baba alikuita Mama Meng. Bibi alikuita mkamwana. Majirani walikuita yule wa bata. Mimi nilikuita Mama, na sikuwahi kufikiri kwamba ulikuwa na jina kabla yetu. Heshan alinishauri niandike mama yake Pi, yaishe. Mwalimu alikataa, akasema hilo ni jina langu mimi, si lako.

Najua mtoto haulizi jina la mzazi wake, tena kwa barua, tena kwa mdomo wa karani. Nisamehe. Mganga anasema Mwalimu hatauona mwezi mpya, na Bo atarudi huku baada ya siku tisa. Mnong'oneze Bo, au karani aliandike kwenye kibanzi na kukifunga kwa muhuri wa udongo, niuvunje mimi mwenyewe. Ukikataa sitanung'unika, na ufito utaingia kaburini mtupu mgongoni. Lakini ningependa sana kukujua.

Msalimie kaka Meng, mkewe na watoto wote, na mama wa nyumba ya jirani aliyenishonea viatu. Lifunge goti lako kitambaa chenye joto. Nakuinamia tena mara mbili.

Ni mimi mwanao,
Pi, jina ulilonichagulia wewe.